Mcheza Kwao

Shangazi yangu alikuwa na noti zake za kutunzia. Hazikuwa za sokoni wala za nauli. Alizikunja mapema nyumbani, akazifunga kwenye pindo la leso, akaenda nazo harusini kama mtu anayepeleka barua. Muimbaji angeimba beti mbili, tatu, shangazi ametulia tuli. Kisha likija neno lake, neno lililomlenga mtu fulani aliyekaa upande wa pili wa ukumbi, angeinuka kwa madaha, mkono juu, noti inapepea. Mwendo wa hatua kumi na tano ulimchukua dakika tatu nzima. Alipomfikia muimbaji, ukumbi ulikwisha msahau muimbaji, unamtazama yeye.

Kwake ndiko nilikojua maana ya methali ambayo shuleni tuliikamilisha tu kwenye mtihani: mcheza kwao hutunzwa. Mwalimu alitueleza kwamba anayefanya jema kwao hupata zawadi. Ni sahihi, lakini ni maana iliyokaushwa juani. Uzito wa methali hauko kwenye zawadi, uko kwenye hilo neno dogo, kwao. Shangazi alimtunza muimbaji kwa sababu wote wawili, na ukumbi mzima, walijua ubeti ule unamchoma nani. Angeimba huyo huyo, ubeti ule ule, mbele ya watu wasiojua ugomvi wa mtaa wetu, noti zingebaki kwenye pindo la leso.

Methali haisemi lolote kuhusu mcheza ambaye kwao kumevunjika.

Nimekuwa nikiirudia rudia methali hii kwa sababu ya kampuni moja ya maigizo na dansi iliyoko Kisangani, kaskazini mashariki mwa Kongo. Inaitwa Studios Kabako. Faustin Linyekula aliianzisha Kinshasa mwaka 2001, na mwaka 2006 akaihamishia Kisangani, mji ambao ukitoka Kinshasa kwa mto una safari ya kilomita zipatazo 1,700, kwa maboti yanayofika yanapojaliwa. Wasanii wengi tunaowajua huenda njia ya kinyume. Hutoka mkoani kwenda mji mkuu, na wakipata upenyo hutoka mji mkuu kwenda Paris au Brussels. Huyu alikuwa amekwisha onja Ulaya, akarudi Kinshasa, kisha akarudi zaidi. Ukiitazama ramani kwa jicho la biashara utasema amepotea.

Kisangani si mji mgeni kwa msomaji wa Kiswahili, ingawa tunausahau. Lugha hii ilifika huko pamoja na misafara ya Tippu Tip na waungwana wake, na mwaka 1887 mzee yule alikubali kuwa gavana wa eneo la maporomoko ya Boyoma kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Kiswahili kikabaki. Lingala ikapanda mto na wanajeshi na wafanyabiashara, na leo mtu wa Kisangani anazibadili lugha hizo mbili kama anavyobadili bega la kubebea mzigo. Wabelgiji waliuita mji ule Stanleyville. Waandishi wa kigeni waliuandika kana kwamba dunia inaishia hapo. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yote mawili ya kigeni, yalipigana ndani ya mji huo siku sita mfululizo kwa makombora, na mamia ya raia wakafa. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda siku zile amefika umri wa kupanda jukwaani, na bila shaka wengine wamepanda.

Linyekula alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, mwisho wa reli fupi inayotoka Kisangani na kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Alisoma Kisangani, na vyuo vikuu vya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, vilipofungwa akaenda Nairobi mwaka 1993. Kuna kisa kinachotuhusu hapo. Mwaka 1997, yeye pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda Gàara, kampuni iliyoifungulia Kenya ukurasa wa dansi ya kisasa. Kazi yao iliyoitwa Cleansing ilipata tuzo Luanda mwaka 1998, kwenye mashindano ya dansi ya Afrika. Kwa hiyo Mkongo huyu tunayemsoma leo kama mtu wa mbali, hatua zake za kwanza za utunzi zilipigwa Nairobi.

Na hapa inanibidi nisimame kidogo kwenye maneno, maana Kiswahili kinatutega. Ukisema “dansi ya kisasa” kwa mtu wa Dar es Salaam wa umri wangu, anafikiria bendi za Msondo na Sikinde, magitaa matatu na tarumbeta, na wanenguaji wanaoingia wimbo ukifika kwenye chemko. Ukisema “ngoma”, umetaja chombo, umetaja mchezo, umetaja shughuli nzima na watu waliohudhuria, na siku hizi umetaja hata wimbo mpya wa redioni. Tena ngoma huchezwa, kama mpira, kama bao, kama mchezo wa kuigiza. Lugha yetu haikujisumbua kutenganisha anayecheza na anayetazama, wala mwigizaji na mcheza ngoma, kwa sababu uwanjani hawakutengana. Wataalamu wa majukwaa ya Ulaya walihangaika karne nzima kurudisha neno kwa mcheza dansi na mwili kwa mwigizaji. Sisi tulikuwa nalo jambo hilo ndani ya kitenzi kimoja. Linyekula hujiita msimuliaji. Anaposema jukwaani, anacheza. Anapocheza, bado anasema. Mswahili hapaswi kushangaa.

Lakini kuna uchezaji mwingine ambao kizazi chake kilirithi, nao hauna utamu wowote. Baada ya Rais Mobutu kuzuru China na Korea Kaskazini katika miaka ya 1970, Zaire iliingia katika kile kilichoitwa animation politique. Wanafunzi, makarani, wafanyakazi wa mashirika, wote walipangwa mistari, wakavaa sare za vitenge, wakanengua na kuimba sifa za kiongozi. Mobutu alipenda kusema kwamba taifa linaloimba na kucheza ni taifa lenye furaha. Mwaka 1974 akaanzisha Ballet National du Zaïre, na kazi yake ya kwanza ilikuwa utenzi wa Lianja, shujaa wa Wamongo. Ngoma za makabila zikachukuliwa vijijini, zikapunguzwa urefu, zikanyooshwa, zikawekwa mbele ya wageni wa serikali.

Tusicheke. Nasi baada ya Uhuru tulikuwa na kikundi cha ngoma cha taifa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipofunguliwa mwaka 1981 kilirithi sehemu ya kazi hiyo. Sindimba iliyotoka kusini na maana zake zote za jando na unyago ikawa onyesho fupi uwanja wa ndege, Rais mgeni akishuka ngazi. Wachezaji walikuwa hodari kweli kweli, na heshima yao iko pale pale. Nauliza tu: mwili uliozoeshwa kucheza kwa amri, ukiachiwa siku moja ucheze unavyotaka, utaanzia wapi?

Swali hilo ndilo ninaloliona katika kazi karibu zote za Studios Kabako. Mwaka 2005 walitoa Le Festival des mensonges, yaani sherehe ya uongo. Hotuba za viongozi wa Kongo, moja baada ya nyingine tangu Uhuru, zinasikika kutoka kwenye vipaza sauti, huku wachezaji wakihamisha taa za mirija sakafuni na bia na chakula vikiuzwa pembeni kama kwenye baa. Mtazamaji anakula, anakunywa, anasikia ahadi. Miili iliyo mbele yake inakataa kunyooka. Bega linaondoka peke yake, uti wa mgongo unapita wimbi kama nyoka aliyeshtuka, goti linakumbuka mstari wa animation halafu linausahau katikati. Sijaona hoja ya kisiasa iliyojengwa vizuri kuliko hiyo kwa goti.

Jina la kampuni lenyewe ni tanzia. Kabako alikuwa rafiki wa Linyekula, naye alikufa kwa tauni. Tauni, ugonjwa ambao sisi tulidhani umebaki kwenye vitabu vya historia, ulimchukua kijana mwenye kipaji mwishoni mwa karne ya 20. Katika kazi ya mwaka 2006 inayojulikana kama Dinozord, iliyoonyeshwa Vienna mji ulipokuwa ukiadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa Mozart, marafiki wa Kisangani wanamlilia Kabako. Wanamkumbuka pia Antoine Vumilia Muhindo, mwandishi mwenzao ambaye wakati huo alikuwa gerezani Makala, Kinshasa, amehukumiwa kifo katika kesi ya mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Serge Kakudji, kijana wa Lubumbashi mwenye sauti ya juu kama ya mwanamke, anaimba. Misa ya wafu ya Mozart inaingia mahali ambapo matanga ya Kisangani yalikosekana. Miaka mitatu baadaye maneno ya Vumilia kutoka gerezani yalirudi jukwaani katika more more more… future, safari hii juu ya magitaa ya Flamme Kapaya, ndombolo iliyochachuka na mori wa vijana wa mtaani. Mtu anafungwa, maneno yake yanacheza.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo. Inaitwa Le Cargo, ya mwaka 2011, na Linyekula yuko peke yake. Nakiri kwamba niliitazama kwenye kompyuta, si ukumbini, na umeme wa mtaani kwetu ulikatika mara mbili kabla sijamaliza, jambo ambalo pengine mwenyewe asingelilalamikia. Ana kigoda, vitabu, na taa chache. Anajitambulisha kuwa ni msimuliaji, halafu anasema leo hataki kusimulia, anataka kucheza tu. Kisha anasimulia.

Anachosimulia ni safari ya kurudi Obilo, kijiji kilicho kwenye reli ile ya Ubundu, ambako baba yake alikuwa mwalimu na yeye akiwa mtoto mdogo. Usiku alizisikia ngoma asizoruhusiwa kuziona, kwa kuwa hazikuwa za watoto. Sauti ikaingia masikioni, picha ikabaki upande wa pili wa ukuta. Mtu huyu akakua, akawa mcheza dansi anayejulikana duniani, akarudi kutafuta ile ngoma aliyozuiwa. Akakuta imenyamaza. Makanisa mapya yalikwisha iweka kwenye hesabu ya mambo ya shetani, na waliokuwa wakiipiga wanaimba kwaya.

Hapo, wasanii wengi tungeshika njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kulia juu ya mila zilizopotea. Ya pili ni kumtafuta mzee mmoja aliyebaki, kumrekodi haraka kabla hajafa, na kuileta ngoma mjini ikiwa na maelezo kwenye karatasi. Le Cargo haifuati hata moja kati ya hizo. Linyekula anacheza lile pengo. Anacheza kama mtoto anayekisia, kutokana na mdundo wa mbali, viuno vinakwenda upande gani. Mikono inatafuta, mgongo unajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kuna dakika anajizungusha akiwa ameinama mpaka unahisi kwamba ukuta ule wa utotoni umo ndani yake, naye anaupapasa kwa mbavu. Amewahi kusema kwamba huenda nchi yake ya kweli ni mwili wake tu. Nilipoisoma kauli hiyo mara ya kwanza niliiona ya kujidai. Baada ya Obilo niliielewa.

Miaka minane baadaye alipiga hatua ambayo kwangu ndiyo iliyofunga hesabu. Kwenye tamasha la Avignon, Ufaransa, la mwaka 2019 alipanda jukwaani na wazee waliokuwa wachezaji wa kwanza wa Ballet National ya Mobutu, katika kazi iitwayo Histoire(s) du théâtre II. Ballet ile na Linyekula ni rika moja, wote wa mwaka 1974. Angeweza kuwasuta wazee wale, na mtaji wa kuwasuta alikuwa nao. Aliwaacha wacheze. Akina mama waliokwisha kuwa bibi wanazikumbuka hatua za Lianja kwa miguu iliyochoka, wanasimulia ziara za nje na mishahara iliyokwama, na ghafla unaona kwamba ngoma iliyonyooshwa na serikali ilikuwa pia ujana wao. Walidanganywa wakicheza, na walicheza kweli. Sijui neno moja la Kiswahili linalobeba vitu hivyo viwili pamoja, ila shangazi yangu angeinuka.

Sasa nirudi kwenye fedha, kwa sababu bila fedha methali yangu haitembei.

Tuzo amezipata. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2014 taasisi ya Curry Stone ya Marekani iliitunza kampuni kwa kazi yake Kisangani. Majumba ya Ulaya hununua maonyesho, huchangia gharama kabla kazi haijazaliwa, na hualika. Ndiyo kusema mcheza huyu anacheza kwao na anatunzwa kwa wengine. Nina wasiwasi na mpango huo, na nadhani si mimi peke yangu. Soko la Ulaya lina hamu yake maalumu ya vifusi vya Kongo; linapenda kuona Mwafrika akiomboleza kwa ustadi. Linyekula mwenyewe husema wazi kwamba alichorithi ni lundo la magofu, na kauli ya kweli ikinunuliwa sana huanza kunukia dukani. Baadhi ya kazi zake zina maneno mengi, Kifaransa kingi, na nyakati nyingine nimehisi anamweleza mgeni kile ambacho mtu wa Kisangani angekipata kwa mguno mmoja.

Halafu nakumbuka Nancy. Nancy nako ni mkoani, mji wa Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, lakini ni mkoani penye jumba la opera, ruzuku ya serikali na wachezaji wenye mishahara ya mwezi. Mwaka 2012 kampuni ya Ballet de Lorraine ilimwalika aishughulikie La Création du monde, dansi iliyoonyeshwa Paris mwaka 1923 kwa muziki wa Darius Milhaud na mandhari ya Fernand Léger. Ilijitangaza kuwa dansi ya Kiafrika juu ya kuumbwa kwa dunia, na jukwaani hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Linyekula aliiacha ichezwe tena kama ilivyokuwa, mavazi makubwa yanayomfunika mchezaji, kisha akauliza: alikuwa wapi Mwafrika mwaka 1923, walipokuwa wakiuumba ulimwengu kwa jina lake? Fedha ya Lorraine ililipia swali lililoelekezwa kwa Lorraine. Kwa hiyo si kila noti ya mgeni humnyamazisha anayetunzwa.

Na kuna Lubunga. Ni wilaya ya Kisangani iliyoko ng'ambo, ukingo wa kushoto wa mto, ambako mtu huvuka kwa mtumbwi. Wanaokaa huko wana mto mlangoni, lakini sehemu za maji safi huzihesabu kwa vidole. Studios Kabako wamefanya kazi na watu wa huko kwa miaka mingi, kwa maonyesho na pia kwa mpango wa maji ya kunywa. Kampuni ya dansi kushughulikia maji! Mtu wa wizara angesema wametoka nje ya katiba yao. Mimi naona wamerudi kwenye kitenzi. Kutunza, kabla hakujawa kumpa muimbaji noti, ni kulea; ni kuangalia kitu kisiharibike. Mcheza wa methali hutunzwa kwa sababu kwao kupo, kuna ua uliofagiwa, kuna watu walioshiba kidogo na kulala kidogo, wenye nafasi ya kukaa kwenye mkeka wakatazama. Kisangani baada ya makombora hapakuwa na ua wa namna hiyo. Kampuni ililazimika kuufagia kwanza: kutafuta chumba cha mazoezi, jenereta, kijana wa kufundishwa sauti na mwingine wa kufundishwa taa, mpiga picha wa filamu, mwanamuziki mwenye gitaa bila nyuzi. Msanii wa Lubumbashi Dorine Mokha, aliyefariki mwaka 2021 akiwa bado kijana, alikuwa mmoja wa waliopata mahali pa kusimama kupitia kwao.

Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi. Haina pazia. Katika orodha za maonyesho ya Ulaya inaandikwa mstari mmoja, chini, kwa herufi ndogo. Kwangu mimi ndiyo utunzi mkubwa wa Linyekula, mkubwa kuliko Dinozord na hata kuliko Le Cargo niipendayo, na naisema hukumu hii nikijua kwamba wenzangu wahakiki wataipinga, kwa kuwa haiwezi kurekodiwa ikatazamwa kwenye kompyuta.

Shangazi yangu amefariki. Leso zake ziligawiwa, na moja, nilipoifungua, ilikuwa bado na noti ya shilingi mia tano pindoni, imekunjwa mara nne. Aliiweka kwa neno ambalo halikufika.

Msomaji, kutoka Kigoma hadi Kisangani ni karibu kuliko kutoka Kisangani hadi Avignon, na lugha ya njiani unaijua. Siku ukisikia kampuni ile inacheza mahali unapoweza kufika, nenda. Watakuambia hii ni sanaa ya jukwaa, watu hukaa kimya gizani na kupiga makofi mwishoni. Wewe beba noti yako, na likifika neno lako, inuka.